Nyuki Katika Sipiyu ya Mulenda

Vestina Bazilio hawezi kukaa na kitu chenye skrubu kwa wiki mbili bila kukifungua. Ndivyo alivyo, na watu wa Makere wameshamzoea. Duka lake la kuchapa barua na kutoa fotokopi liko mkabala na mashine ya kusaga, na mteja anayeingia kwa mara ya kwanza huangaza macho akitafuta kompyuta asiione. Anachokiona ni skrini mezani, na kando yake dumu la mafuta la lita ishirini lenye taa ndogo ya kijani ubavuni. Kompyuta ndiyo hiyo, imo ndani ya dumu. Ya pili, ya kutengenezea picha za pasipoti, imo ndani ya kifuniko cha mbao cha cherehani ya marehemu shangazi yake.

Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ni vumbi. Vumbi la barabara ya Makere mwezi wa nane ni jekundu na laini, linaingia mpaka kwenye yai. Feni ya kompyuta hulinyonya mchana kutwa, na baada ya mwaka mmoja ukifungua kasha unakuta shamba. Yale makasha ya bati ya kiwandani, ambayo hapa kila mtu huyaita sipiyu, yametengenezwa na watu ambao hawajawahi kupika wala kulala karibu na barabara ya udongo. Kwa hiyo Vestina hutengeneza yake. Matundu ya hewa huyaziba kwa soksi za nailoni, na diski, yaani kile kidude kinachotunza kila kitu, huifunga juu kabisa, chini ya kifuniko, kwa sababu vumbi hutua chini.

Hiyo ndiyo sababu anayoitoa. Nyingine haisemi. Anapenda kusifiwa. Yumo katika kundi la WhatsApp la watu sitini na kitu wa Mwanza, Arusha na Dar es Salaam ambao starehe yao ni kuunda makasha ya kompyuta. Wenzake wana vioo na taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Yeye ana dumu na cherehani, na bado akituma picha simu yake hulia mpaka chaji inaisha. Wanamwita Mama Dumu. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, hana mume, hana mtoto, anaishi chumba kimoja cha kupanga; anapoona watu wa mjini wanauliza "hiyo umeifanyaje?" hujisikia mtu. Simlaumu, lakini ndipo balaa lilipoanzia.

Mwezi wa tisa mwishoni aliingia dukani mzee Mulenda, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, amekumbatia sipiyu iliyofungwa kwa kipande cha turubai. Kasha lilikuwa limeoza kwa kutu, na panya walikuwa wametafuna nyaya.

"Dada Vestina," alisema, "sisi tunatoka. Batatupeleka mbali, mu inchi ingine, mimi na batoto. Uniwekee hii mu kasanduku kadogo tu, kenye kanaweza kuingia mu valizi ya nguo. Sihitaji kintu kizuri."

"Ina nini ndani, baba?"

"Sauti ya bibi yangu."

Bibi yake, yaani mkewe, aliitwa Nsimire. Alikuwa ameongoza kwaya pale kambini kwa miaka tisa, na nyimbo zote alizozirekodi kwa simu alikuwa akizihamishia kwenye kompyuta hiyo ya kwaya. Alifariki mwaka jana, na simu yake iliibwa siku ileile ya mazishi, wakati watu wamejaa uani. Kwa hiyo sauti ya Nsimire ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye diski moja kuukuu ndani ya sipiyu yenye kutu.

Vestina aliisikia hiyo habari, akaitikia kwa huzuni ya kweli, kisha, Mungu amsamehe, akaanza kuwaza juu ya kasha.

Mwezi uliotangulia alikuwa Murungu, kwa baba yake, upande wa Kibondo. Mzee Bazilio ni mfugaji wa nyuki tangu ujana. Kule uani kwake palikuwa na mzinga wa gogo mdogo, urefu wa mkono mmoja, umepasuliwa katikati kwa urefu ili nusu ya juu iwe kifuniko. Mzee alikuwa ameuchonga kwa majaribio akauacha. Vestina aliuomba, akaja nao Makere, na tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa shida. Sasa alikuwa amepata cha kutia ndani yake.

Akafanya kazi wiki nne. Akakwangua mbao kwa patasi mpaka mzinga ukawa mwepesi kama kapu. Akafunga bawaba. Akatoboa matundu ya feni, na lile tundu la asili la kuingilia nyuki akaliacha kama lilivyo, kwa urembo. Mazabodi, ule ubao unaobeba mitambo yote, akauweka nusu ya chini, na diski akaining'iniza juu chini ya kifuniko, kama kawaida yake. Mwisho ukaja wakati wa kung'arisha. Vanishi ya dukani inanuka na hupasuka kwa joto, kwa hiyo akafanya vile alivyomwona baba yake akifanya maisha yake yote. Akayeyusha nta, akaupaka mzinga ndani na nje, akausugua kwa kitambaa mpaka ukametameta rangi ya chai.

Haya, na mtu aniambie. Binti wa mfugaji nyuki, aliyekula asali kabla hajaota meno, hakujua nta hupakwa ndani ya mzinga kwa ajili ya nini? Alijua. Lakini kichwani mwake ule haukuwa mzinga tena, ulikuwa kompyuta.

Jumatatu asubuhi akaiwasha nyumbani kwake, juu ya meza iliyo dirishani. Ikawaka. Akafungua wimbo mmoja, akaisikia sauti ya Nsimire, nzito kidogo na yenye mkwaruzo, mwili ukamsisimka. Hapo ndipo angechukua flashi na kunakili kila kitu. Flashi ilikuwa kwenye mkoba, hatua nne kutoka alipokaa. Akajiambia, nitanakili nikishapiga picha. Mwanga ukawa haujakaa sawa. Akaamua kuiacha ikiwaka, dirisha wazi, joto la mashine lizidi kuiingiza nta kwenye mbao, kesho apige picha na anakili kwa pamoja.

Kesho yake alfajiri simu ikalia: msiba Kasulu mjini, mama mdogo wake. Akaondoka mbio, mashine ikiwaka, dirisha likiwa wazi.

Alirudi jioni hiyohiyo, jua bado lipo. Alipofungua mlango akasikia mvumo wa feni na moyo ukatulia. Mashine nzima, alifikiri. Akabonyeza swichi ya taa. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Jirani akapiga kelele kutoka uani kwamba umeme umekatika tangu saa nne asubuhi.

Vestina akabaki ameshika swichi. Kama umeme haupo, ile feni inazungushwa na nini?

Akasogea hatua mbili. Kwenye lile tundu la urembo palikuwa na nyuki wakiingia na kutoka, wengi, hawana haraka, kama watu wenye hati ya nyumba. Feni ilipokuwa ikipuliza iliwazuia. Ilipozima, wapelelezi wao waliingia, wakanusa nta, wakapapenda, wakaenda kuita wenzao. Akarudi kinyumenyume mpaka nje, akafunga mlango, akakaa chini kwenye kizingiti.

Ilikuwa Jumanne. Mulenda angekuja Alhamisi kwa kibali cha kutoka kambini kinachoisha saa sita mchana, na Ijumaa basi lingewachukua. Baada ya hapo hapatakuwa na Mulenda wa kumwomba radhi wala wa kumpelekea chochote. Vestina alilala kwa jirani usiku ule, ikiwa kule ni kulala. Kila akifumba macho alimwona yule mzee amefungua mikono kupokea kitu, na yeye hana cha kumpa.

Jumatano ikawa mbaya zaidi. Uani mle anaishi pia Salumu, mwalimu wa sekondari, mtu wa Pangani aliyeletwa huku na ajira ya serikali, na mkewe na kichanga cha miezi miwili. Asubuhi mkewe alipita na beseni chini ya dirisha akadungwa shingoni. Salumu akatoka na kidumu cha mafuta ya taa.

"Dada Vesti, mimi si mtu wa shari," alisema kwa ile sauti yake ya kipwani, ya upole hata akiwa amekasirika. "Lakini nina mtoto mchanga humu. Nyuki hao wakichafuka watamuua. Nipe ruhusa nimwage mafuta dirishani, nitie kiberiti, tumalize."

"Mwalimu, mle ndani mna mali ya watu!"

"Nitakulipia kompyuta."

"Siyo kompyuta, mwalimu. Ni sauti ya marehemu."

Salumu alimtazama kama mtu anayepima kama mwenzake ana homa. Vestina akamweleza yote, mpaka machozi yakamtoka mbele ya wapangaji. Yule mwalimu akaweka kidumu chini, ila hakukirudisha ndani.

"Mpaka kesho saa moja asubuhi," alisema. "Saa moja ikipita, dada yangu, utanisamehe."

Na Salumu hakuwa na kosa, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angekuwa mkorofi angemchukia na kupata nguvu kidogo.

Akampigia baba yake. Alikuwa ameogopa kupiga simu hiyo kuliko alivyoogopa nyuki. Miaka kumi na tano alikuwa akimwambia mzee kwamba kazi ya nyuki si yake, kwamba yeye ni mtu wa mitambo.

"Baba, mwakeye," alimsalimu kwa Kiha. "Nyuki wameingia kwenye kompyuta."

"Kwenye nini?"

Akaeleza. Mzee alisikiliza, kisha akauliza swali moja. "Ulipaka nini ndani?"

"Nta."

Kwenye simu akasikia kicheko, kicheko cha kukohoa na kupaliwa, kikaendelea mpaka Vestina akadhani mzee ataanguka. "Mawe, mama yangu! Mwanangu, umewaita mwenyewe kwa jina, sasa unashangaa wamekuja?" Lakini aliponyamaza alisikia binti yake analia, akabadilika sauti. "Sikiliza. Miguu yangu hainifikishi huko kesho, utafanya wewe. Usitumie moto, usitumie moshi, utaharibu hivyo vyuma vyako. Nyuki wageni hawana asali ya kulinda, si wakali sana. Ngoja alfajiri, kabla hawajapata joto. Watakuwa wamening'inia juu, kwenye kifuniko, wameshikana. Inua kifuniko pamoja nao, polepole, ukiweke juu ya kapu. Watakwenda nacho."

"Baba, diski nimeifunga kwenye kifuniko."

"Maana yake nini?"

"Maana yake wameizunguka. Iko katikati yao."

Mzee akavuta pumzi. "Basi utatia mkono. Usivae nguo nyeusi, usijipake manukato. Wakikudunga usivute mkono kwa nguvu. Ukiuvuta, umekwisha."

Alhamisi palikucha na ubaridi na manyunyu. Saa kumi na mbili Vestina alikuwa mlangoni kwake, amevaa koti la mvua jeupe, chandarua kimemzunguka kichwa na kufungwa shingoni kwa kamba, bisibisi mkononi. Glovu hakuvaa, kwa sababu skrubu za diski ni ndogo na glovu hazizihisi. Uani Salumu alikuwa amesimama na mwavuli, kidumu miguuni. Mkewe na mtoto walikuwa wameshahamishiwa kwa jirani wa tatu.

Akaingia. Akachomoa waya mkubwa wa umeme ukutani, ingawa umeme haukuwepo, kwa sababu mikono ilitaka kazi ya kuzoeleka. Akafungua kifuniko upana wa kiganja, akaingiza vidole pembeni, akachomoa nyaya mbili zilizounganisha diski na mazabodi. Nyuki wawili wakamtembelea kwenye kifundo cha mkono, wakaondoka. Kijasho kilimtoka na baridi ile. Akachomoa bawaba, akainua.

Kundi lote likainuka na kifuniko, limening'inia zito kama matiti ya ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa. Diski haikuonekana kabisa. Akakilaza kifuniko ubavu juu ya kapu alilokuwa ameliandaa, na hapo akaona ukingo mmoja wa chuma, na juu yake ukanda mdogo wa masega, mweupe, mpya. Walikuwa wameanza kujenga juu ya Nsimire.

Skrubu zilikuwa nne. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka, akadungwa kidole gumba. Hakuvuta mkono. Ya tatu ilikuwa ndani kabisa, ilibidi asukume nyuki taratibu kwa mgongo wa kidole, vuguvugu, hai, wakitetemeka, na wakati huo alidungwa mara nne au tano mfululizo mpaka machozi yakamjaa na hakuona tena. Alizungusha kwa kukisia. Alijisikia anasema kwa sauti, "Nisameheni, nisameheni," na hakujua anawaambia nyuki au nani. Ya nne haikukazwa vizuri tangu mwanzo, na uzembe huo ndio pekee uliomsaidia katika kisa hiki. Diski ikamwangukia kiganjani. Akatoka nayo kwa mwendo wa mtu aliyebeba uji wa moto, akampita Salumu, akaenda moja kwa moja dukani na chandarua chake kichwani.

Salumu ndiye aliyeingia baadaye, mwenyewe, akabeba kapu na kifuniko na kundi lake mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kidumu alikirudisha jikoni.

Umeme ulirudi saa tatu kasoro. Mulenda akaingia saa tatu, amevaa shati lake la kanisani. Alimkuta Vestina mkono wa kulia umevimba mpaka kiwiko, diski iko mezani wazi, imeunganishwa kwa waya kwenye dumu, inatoa mlio wa tik, tik, tik ambao mtu yeyote wa kompyuta akiusikia hujua diski inakaribia kufa.

"Nini imefanyika?" aliuliza.

Vestina hakupunguza kitu. Alimwambia juu ya nta, juu ya picha, juu ya flashi iliyokuwa hatua nne. "Wiki nne nilishughulikia kasha," alisema, "na dakika kumi za kunakili sikuzitoa. Na sasa sijui kama itasoma."

Mulenda akavuta kiti, akakaa. Hakumfokea, na ingekuwa afadhali angefanya hivyo. Wote wawili wakaitazama skrini. Tik, tik. Ikakaa kimya. Tik. Halafu folda moja ikajitokeza, na jina lake: KWAYA.

Kunakili kuingia kwenye dumu kulianza na kwenda kwa mwendo wa konokono. Saa nne ilikuwa imefika nusu. Saa nne na nusu ikakwama, Vestina akashika meza, ikaendelea. Saa tano taa zikapepesa mara moja, na yeye na Mulenda wakasimama kwa pamoja kana kwamba wangeweza kuushika umeme kwa mikono. Haukukatika. Saa tano na dakika ishirini ikamaliza, akatoa nakala nyingine kwenye flashi, akacheza wimbo wa kwanza.

Kabla ya wimbo alisikika Nsimire akihesabu, "Moja, mbili," kisha akakatiza kumkemea mwimbaji mmoja: "Dieudonné, acha kukula miwa, tunaimba!" Na watu wengi wakacheka. Mulenda naye akacheka, uso umelowa wote, hakuufuta. Tangu mkewe afe hakuwa amewahi kuthubutu kufungua nyimbo hizo.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Mulenda akaitia diski kwenye soksi ya nailoni aliyopewa na Vestina, akaiweka mfuko wa shati. Flashi alipopewa akaitazama, akairudisha mezani.

"Hii ubaki nayo."

"Nibaki nayo? Baba, beba zote mbili. Hiyo diski ni ya kufa, itakufa njiani."

"Basi uninakilie ingine, hii ibaki. Bibi yangu nilimuzika pale Nyarugusu. Batoto banaenda, mimi naenda, kwaya yote itaenda. Yeye anabaki peke yake. Sauti moja ibaki karibu yake."

Vestina akamsogezea flashi. Alitaka kukataa, na akasema kwa nini. "Mimi si mtu wa kuachiwa kitu kama hiki. Umeona mwenyewe, nusura niipoteze."

"Ndiyo maana," Mulenda alisema, akisimama. "Wewe sasa unajua kuiogopea."

Akamnakilia flashi ya pili, wakaagana kwa mikono miwili, ule uliovimba na ule mzima, na mzee akaondoka kuwahi kibali chake.

Tangu siku hiyo kundi la WhatsApp halijapata picha hata moja ya mzinga, ingawa wameuliza mara nyingi. Sauti ya Nsimire sasa imo ndani ya dumu, imo ndani ya cherehani, na imo kwenye flashi anayoivaa Vestina shingoni kwa uzi, na bado haamini kama iko salama. Kila asubuhi anaingia dukani kwa mlango wa nyuma, anafungua folda ile, anacheza sekunde chache huku amebana pumzi. Nje wateja wanagonga, wana haraka na barua zao. Hawafungulii mpaka asikie, "Moja, mbili."